Vifaa Vilivyokuwa Darini

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, poleni na msiba, na asanteni kwa kuacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi. Nasimama kwa niaba ya familia, mimi kifungua mimba wake, kuwasomea maisha ya mama yetu, fundi cherehani ambaye wengi wenu mlimwita Mama Vifungo, na karatasi hii, ukiacha habari za kifo chake, aliipitia mwenyewe akiwa kitandani, akaagiza lisipunguzwe hata neno moja.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1953, katika nyumba iliyopakana na mashine ya kusaga nafaka, akiwa mtoto wa nne kati ya sita, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, kisha akajifunza kushona kwa shangazi yake, aliyemfumulisha kola moja mara kumi na moja hadi ilipokaa shingoni bila kukunjamana, na tangu mwaka 1972 alishona sare za wanafunzi kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, kazi aliyoifanya kwa zaidi ya miaka arobaini.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na baba yetu, fundi seremala, wakajaliwa watoto watatu, mimi mwaka 1977, mdogo wangu wa kike mwaka 1980, na kitindamimba wetu mwaka 1984. Karakana ya baba ilikuwa mwisho wa mtaa wa mafundi, na alifanya kazi pamoja na mdogo wake, baba yetu mdogo, ambaye mafundi walimpa jina la Sukari kwa utani wake. Kila mchana alikula kwetu, na kila mchana alikuwa na neno: "Shemeji, kama una dada anayepika hivi, namchukua hata kama hana meno."

Tarehe 31 Julai 1989 baba alipoteza fahamu akiwa kazini, akaangukia patasi, akashonwa nyuzi kumi na nne pajani, na daktari akamkataza kushika kitu chenye makali kwa miezi mitatu. Wiki mbili hazijaisha, akaanza kunoa vifaa vyake nyumbani. Mama, aliyekuwa ameiosha damu ile sakafuni kwa mikono yake, kila aliposikia tupa ikikwaruza chuma alijiona mjane mwenye watoto watatu, na alipomsihi baba apumzike aliambiwa asimfanye mtoto.

Alhamisi, tarehe 17 Agosti 1989, baba akiwa amelala mchana, mama alichukua ufunguo kwenye suruali yake, akafungua stoo ya uani, akazitia randa mbili, patasi zote, msumeno na kekee katika mfuko alioushona kwa mabaki ya kitambaa cha sare, akaufunga mdomo kwa sindano, akaupandisha darini kupitia tundu la jikoni, kisha akaurudisha ufunguo mahali pake. Alikusudia kuvishusha baada ya daktari kumruhusu baba, basi.

Lakini stoo ile ilikuwa na funguo mbili tu, na wa pili alikuwa nao baba mdogo. Baba alipoikuta tupu hakumuuliza mtu yeyote, alitoka akichechemea hadi karakana, mama akimfuata nyuma bila viatu, na pale, mbele ya mafundi wote, akamwita mdogo wake mwizi. Baba mdogo alimgeukia mama. "Shemeji, sema wewe. Mimi naweza kumwibia kaka?" Mama alifungua mdomo, akauona uso wa mumewe, akaufumba tena mdomo. Baba mdogo aliuweka ufunguo juu ya meza, akaondoka, na kwa kuwa hakuna seremala aliyetaka mtu wa sifa ile karibu na vifaa vyake, aliishia kubeba mbao katika mji mwingine.

Mama alituambia kwamba siku ya kwanza alimwogopa mumewe, mwezi wa kwanza akaiogopa aibu, na baadaye akaogopa kila kitu, mvua ikipiga bati, panya akipita darini, mgeni akiinua macho juu huku akinywa chai. Kwa miaka ishirini na minne hakuwahi kulala kifudifudi, alilala akitazama dari.

Jumamosi, tarehe 15 Juni 2013, mchwa walianza kumwaga vumbi jikoni, na baba akasema, "Mama watoto, njoo unishikie ngazi." Mama alimwambia wamwite kijana wa kazi, akamwambia mguu wake mbovu, akamwambia kesho, baba akapanda. Baba akashuka na mfuko, akapitisha kidole kwenye mshono wa mdomo wake, akasema kwa sauti ya chini, "Huu mshono naujua." Hakumpiga, hakupaza sauti, aliketi sakafuni, na hilo mama alisema lilimtisha kuliko kelele.

Wiki iliyofuata walikwenda wote wawili kwa baba mdogo, mama akaeleza yote, akiwa amesimama mlangoni kwa kuwa hawakukaribishwa ndani. Baba mdogo alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mlinitukana barabarani, mnakuja kunisafisha uchochoroni. Siku mtakaposema mbele ya watu walewale, nitaingia kwenu."

Mara tatu mama alivaa, akaenda hadi kona ya mtaa wa mafundi, na mara tatu akarudi. Baba alijitolea kwenda kusema, mama akamshika shati akilia, akiogopa kuonyeshwa kidole na watu aliowashonea watoto wao.

Mwaka 2021 figo zake zilianza kushindwa kazi, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, hali ikazidi kuwa mbaya tarehe 28 Oktoba 2024, na Jumatatu, tarehe 4 Novemba, saa nne asubuhi, akafariki dunia, akiwa na miaka sabini na mmoja. Ameacha mume, watoto watatu na wajukuu saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani waliotupikia tangu Jumatatu, na mafundi cherehani wenzake waliomshonea nguo aliyovaa leo.

Mafundi wa mtaa wetu, mliokuwapo siku ile na mko hapa, mama anawaambia kwamba shemeji yake hakuiba kitu, kwamba vifaa alivificha yeye, na kwamba alijua na akanyamaza.

Baba mdogo, umefika tangu asubuhi na umekataa kukaa mpaka hili lisomwe. Limesomwa. Tunakuomba ukae.

Mama, tumeyasema kwa niaba yako, na hakuna aliyeondoka. Pumzika, pumzika kwa amani.