Maisha ya Fundi Brashi, Mgeni wa Waliofiwa

Ndugu, majirani, marafiki, na ninyi mliosimama nyuma kwa kukosa viti, mimi ni binti wa kwanza wa marehemu, wadogo zangu wamenituma niwasomee maisha ya baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Brashi, na naomba mnivumilie nikicheka katikati, maana baba mwenyewe alikuwa haishi vituko.

Baba alizaliwa tarehe 11 Februari 1948, mtoto wa tano kati ya saba wa mama muuza mkaa na baba mlinzi wa ghala. Alianza shule ya msingi mwaka 1956, akamaliza 1963, na huko shuleni, kwa maneno yake, hesabu zilimshinda lakini kupaka chokaa ukuta wa darasa hakuna aliyemfikia, na mwaka 1965 akaenda kujifunza kazi kwa fundi rangi mmoja mkali kama pilipili, akaishika kazi hiyo hadi magoti yalipokataa ngazi.

Tarehe 3 Juni 1972 alifunga ndoa na mama yetu, mpishi wa shule, wakajaliwa mabinti watatu na kitinda mimba wa kiume.

Mama alifariki tarehe 9 Machi 2009. Kwa wiki moja nyumba ilijaa watu, hata pa kukanyaga hapakuwapo, kisha kila mtu akarudi kwake, nasi watoto tukarudi makazini, kila mmoja na mji wake, baba akabaki peke yake katika vyumba viwili vya ghorofa ya pili, pazia limefungwa mchana kutwa, brashi zimekaukia kwenye kopo, na tukimpigia simu anasema, "Nipo," basi. Alikonda mpaka tukaogopa.

Kilichomuuma zaidi ni jirani wa mlango wa pili, mama mjane, mshona mapazia aliyetoka nchi nyingine, ambaye tangu msiba hakuwahi kubisha hodi. Mwezi wa Oktoba walikutana kwenye ngazi, uzalendo ukamshinda baba, akamwambia, "Mama, mke wangu amekufa tangu Machi, hata pole hujanipa!"

Yule mama akamjibu, "Baba, kwetu aliyefiwa hasumbuliwi mpaka afungue pazia mwenyewe. Miezi saba nachungulia dirisha lako kila asubuhi."

Akamweleza kwamba yeye alipofiwa na mumewe hapa ugenini, majirani walijazana chumbani mwake wiki nzima, akatamani kuwatimua kwa ufagio. Baba akacheka, kicheko cha kwanza tangu mazishi, kisha akaketi palepale kwenye ngazi akalia.

Tangu siku hiyo wakawa na kazi yao. Baba alisema, "Siku ya mazishi unahitaji viti, watu unawahitaji mwezi wa tatu," hivyo msiba ukitimiza miezi mitatu walikwenda wawili, yeye na kopo la rangi, jirani na futi ya kupimia madirisha, na kwa dereva mmoja aliyefiwa na mkewe, aliyekuwa hasemi na mtu, baba alipaka jiko rangi ya waridi makusudi, mpaka yule bwana akafungua kinywa kumgombeza, wakashinda wanabishana hadi jioni. Watu waliponong'ona kwamba ataoa tena, alijibu kuwa asingeweza, chai ya jirani haina sukari.

Moyo ulianza kumsumbua Januari 2023, akalazwa mara tatu, akafariki tarehe 3 Septemba, saa nne asubuhi, ameacha watoto wanne na wajukuu tisa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, waliovumilia lawama zake juu ya rangi ya wodi, mafundi wenzake waliobeba jeneza, na majirani wote. Na wewe, mama wa mlango wa pili, uliyetuambia kwenu watu huomboleza kimya, leo kilio chako kimesikika hadi barabarani, ukatutoa machozi sisi watoto wa marehemu tuliokuwa tumekauka, asante, kuanzia leo wewe ni mama yetu, na kesho tunakuja kwako bila kubisha hodi.

Baba, kazi umeimaliza, upumzike kwa amani.