Aliyepeleka Maneno Yetu kwa Bosi

Kina mama na kina baba, poleni na mihangaiko. Mwenyekiti ameniomba nisimame mbele yenu kwa sababu wengi mliopo hapa mmepunguzwa kazi, na huko mimi nimepita. Majina ya watu sitataja.

Miaka ile soko la usafiri wa ndege lilipofunguliwa kwa watu binafsi, kila mwenye mtaji hapa Bongo alitaka kuruka. Zikazuka kampuni za ndege ndogo za kukodi, za kuwapeleka wakubwa na wafanyabiashara migodini na mbugani. Mimi nilikuwa mpanga safari: nani anapanda, anakula nini, rubani gani yuko zamu. Nikitoka nyumbani Mchafukoge na sare yangu, mama alikuwa anasimama mlangoni ananitazama mpaka nikate kona.

Kisha biashara ikalala. Wateja wakaacha kukodi, ndege zikafunikwa maturubai, na sisi tukaanza kupunguzwa, leo kampuni hii, kesho ile. Niliangukia soko la Mchikichini, nauza viatu vya mtumba. Nawaambieni ukweli, mwanzoni nikimwona mtu wa uwanja wa ndege nilikuwa nainama chini ya meza kama natafuta kitu.

Jirani yetu wa chini, sisi tukikaa ghorofani, mama mmoja wa Kihindu, alikuwa na kafe ya intaneti. Aliniona nimenyong'onyea, akanifundisha barua pepe, akanihimiza niwatafute wenzangu. Ndipo nikaanzisha kundi: mtu anaandika mara moja, wote wanapata. Walikuwamo marubani, mafundi, wahudumu, hata wasafishaji wa ndege. Aliyesikia kazi mahali alisema. Aliyefiwa tulijua, tukaenda. Na mtu alikuwa anamwaga ya moyoni, maana mabosi hawakuwamo.

Kazi ya kundi ikanizidi, nikamwomba shoga yangu anisaidie kuingiza wanachama. Huyu tuliajiriwa pamoja na kupunguzwa pamoja. Mama yangu alipougua, yeye ndiye aliyekuwa anamwogesha nikiwa sokoni. Nilimpa paswedi bila kuwaza mara mbili.

Sasa, kulikuwa na fundi mmoja aliyekuwa bado kazini. Siku moja akaandika kwamba kampuni yake inamlazimisha asaini ndege iruke ilhali ina hitilafu. Aliomba ushauri. Tukamwambia asisaini, naye hakusaini. Haukupita muda bosi akamwita ofisini, akamsomea maneno yake mwenyewe neno kwa neno, akamfukuza. Akamwahidi kwamba hakuna kampuni itakayomchukua.

Fundi akaja Mchikichini. Nilimpa kiti, hakukaa.

"Dada, umeniuza," akasema. "Kundi ni lako. Nani mwingine?"

Niliapa kwa Mungu wangu. Hakunisikiliza. Habari zikaenea, watu wakaanza kujitoa kundini. Nikikutana nao Kariakoo nasalimia, wanapita kama hawakusikia. Ndugu zangu, kupunguzwa kazi kunauma, lakini kuitwa msaliti na watu uliowakusanya kwa mikono yako, hilo ni jambo lingine.

Na nililia kwa nani? Kwa shoga yangu. Alinifuta machozi, akanipikia uji, akanituliza kwamba binadamu ndivyo walivyo.

Baadaye akaacha kuja. Nikaja kukutana naye Mnazi Mmoja, mchana kweupe, amevaa sare ya kampuni ile ile iliyomfukuza fundi. Nilisimama, nikamuuliza kama ni yeye aliyepeleka maneno yetu. Nilikuwa naomba akatae.

"Ni mimi," akasema. "Wewe ulikuwa na meza yako ya viatu. Mimi na wanangu tulikuwa na nini?"

Akasema gari la kazini linamsubiri, akaenda.

Nililifunga kundi. Hata kafe sikutaka kupita karibu. Mpaka siku moja yule mama jirani alipopanda ngazi, na magoti yake yale mabovu, kuniambia kuna binti mhudumu wa ndege anakuja kafe kila asubuhi kuulizia kundi, maana hana pengine pa kusikia kazi.

"Mimi sijui nimjibu nini," akasema. "Njoo umwambie mwenyewe."

Nilikwenda ili nimwambie limekufa. Nikamkuta amekaa kwenye benchi, vyeti vyake amevifunga kwenye mfuko wa nailoni visilowe. Nilishindwa. Nikakaa kwenye kompyuta nikawaandikia wote kwamba maneno ya fundi yalivuja kutoka kwetu, kwamba aliyeyavujisha nilimwingiza mimi, na kwamba mwenye swali atanikuta Mnazi Mmoja Jumapili.

Walikuja wachache, ila fundi alikuwamo. Wakataka jina. Nikakataa. Niliwaambia mtu huyo ana watoto, na wakimjua hawatamwacha. "Mimi nimeuzwa," nikasema, "lakini simuuzi mtu." Wengine walikasirika wakaondoka. Fundi alibaki, akasema, "Dada, nilipaswa kukuuliza kabla ya kukuhukumu."

Tukaanza upya. Haingii mtu kundini mpaka wawili wetu wamekaa naye ana kwa ana. Na mambo yanayoweza kumfukuzisha mtu kazi tunayaongea tukiwa tumekaa pamoja, hatuyaandiki. Kundi likapona. Rubani mmoja wa humo humo alimtafutia fundi kazi nchi jirani, na yule binti wa vyeti anaruka mpaka leo.

Namshukuru mama jirani kwa kupanda zile ngazi. Namshukuru fundi kwa kurudi. Msidhani nimepona kabisa. Shoga yangu tukikutana tunasalimiana, wanawe wananipa shikamoo naitikia marahaba, lakini nyumbani kwake sijaingia tena.

Basi kama kuna la kuchukua, chukueni hili: ukisalitiwa, mfuate mtu umuulize machoni, usikisie. Na akikiri, usiwafungie mlango wale ambao hawakukufanya kitu. Mimi niliwafungia, na binti wa watu akawa anakuja kila asubuhi anaukuta umefungwa.