Jicho la Fundi Paa

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, kando ya mashine yangu ya kushonea viatu. Asubuhi hiyo Fundi Paa, mwezekaji wetu wa mabati, alirudi baada ya miezi mitatu. Alikuwa ameugua homa. Homa ikaondoka, ikaacha kizunguzungu. Sikio la kushoto lilisikia vizuri, ila lilishindwa kumshikia mizani. Mtu aliyetembea juu ya mabati kama paka akawa anakwenda chooni akipapasa ukuta. Sasa alikuja bila fimbo, akaketi, muuza kahawa akammiminia kikombe. Karani mstaafu, tunayemwita Kamusi kwa kuwa hakosi jibu, hakumpa hata nafasi ya kupuliza kikombe.

— Sikio limepona?

— Halijapona, mzee. Daktari kasema mizani ya upande ule imekwenda moja kwa moja.

— Sasa umefikaje hapa?

— Macho. Macho yamejifunza.

Kinyozi akazima mashine yake ya kunyolea. Mteja akabaki na nusu kichwa.

— Yaani unasikia kwa macho?

— Hapana, bwana! Ukigeuza kichwa, sikio la ndani huyaambia macho yabaki palepale. Langu la kushoto limenyamaza. Nikigeuka kushoto ghafla, macho yanaburutwa na kichwa, kisha yanaruka kurudi. Mwanzoni dunia nzima ilicheza. Mama wa mazoezi kule hospitali akanipa herufi ya kubandika ukutani: itazame, huku unatikisa kichwa. Mara tano kwa siku! Nilitapika, nikalia, mke wangu akasema tikisa. Siku hizi jicho linawahi kuruka kabla sijaona dunia ikicheza.

Kamusi akakohoa.

— Ndiyo maana wahenga walisema, sikio halipiti kichwa.

— Inahusu nini hapo? Fundi akauliza.

— Inahusu sikio.

— Mimi nasema, Kinyozi akadakia, nguvu za sikio zimehamia jichoni. Likifa la pili, huyu ataona hadi kisogoni!

— Ndiyo, akasema Kamusi. Mtazame kuku. Masikio yake umewahi kuyaona? Na analala juu ya kijiti, haanguki!

Tulicheka mpaka mteja akaomba anyolewe.

— Kwanza tumpime, akasema Kinyozi. Vichwa ndiyo kazi yangu.

Akamshika Fundi kichwa kwa mikono miwili, akamwambia atazame kibao cha bei. Akageuza kichwa ghafla, kidogo tu, kulia, halafu kushoto. Nilimkodolea macho, pua kwa pua. Sikuona jicho likiteleza.

— Soma!

— "Watoto nusu bei."

Benchi zima likapiga makofi. Fundi akatabasamu kama bwana harusi.

— Kesho naezeka banda la kuku la jirani. Mama wa mazoezi ameruhusu.

Hapo mkewe akatokea, kikapu mkononi.

— Shikamoo, mzee. Hamjambo, shemeji zangu. Amewaambia sharti la mama wa mazoezi?

— Marahaba. Sharti gani?

— Apande ngazi ikiwa imeshikwa. Mimi saa kumi na mbili asubuhi nipo kazini. Nani atashika ngazi?

Kamusi, asiyekosa jibu, akatazama ndani ya kikombe. Kinyozi akawasha mashine. Muuza kahawa akainamisha birika. Likatoa matone mawili tu.

Nikamtazama Fundi. Uso bado ulicheka, lakini vidole vilikuwa vimeng'ang'ania ukingo wa benchi.

— Mimi, shemeji, nikasema. Viatu vitasubiri.