Yasmini ya Mzee Abdikarim Iliyokataa Kuchanua

Tarehe 31 Desemba 2025, Mzee Abdikarim Tuye, fundi mkuu wa pampu katika ofisi yetu ya maji hapa Isiolo, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne na miezi kumi ya utumishi. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu, naambiwa, mimi ndiye ninayemjua vizuri. Hadi Jumatatu iliyopita hata mimi niliamini hivyo.

Aliajiriwa Februari 1991 kama msaidizi wa fundi. Kati ya Gotu na Merti sidhani kuna kisima ambacho hakijawahi kumpaka grisi. Kule Garbatulla alipambana na pampu moja siku nne, ng'ombe wamemzunguka na wenye ng'ombe wakimhesabia saa. Maji yalipotoka wakamchinjia mbuzi, naye akamla akiwa amesimama kwa sababu Merti walikuwa wameshapiga simu. Amekosa Idd kumi na moja nyumbani. Idadi hiyo nimepewa na mkewe, Bi. Lul, ambaye hakuhitaji hata kufikiria.

Kwa ajili ya Idd hizo alimpa mkewe ahadi moja. Marehemu mama yake Bi. Lul alikuwa na yasmini iliyotambaa ukutani, na maua yake aliyaweka katika sanduku la nguo. Mzee aliahidi kwamba siku atakayorudi nyumbani kukaa, atarudi na yasmini mkononi. Miaka sita iliyopita akapanda mche kando ya lango la ofisi. Nyumbani kwake mfereji hutoa maji mara moja kwa wiki. Sisi tuna tangi.

Yasmini ilitambaa hadi juu ya ukuta, ikageuka, ikaanza kushuka upande wa pili. Majani tele, ua hata moja hakuna! Mzee, ambaye hujua ugonjwa wa pampu kwa kuisikiliza tu, alisimama mbele yake kila asubuhi kama mtu aliyesahau alichojia. Mimi nimekulia shambani Meru, kwa hiyo nikaleta samadi. Majani yakazidi, nami nikaongeza samadi.

Baadaye sana ndipo tulipogundua kwamba Mzee aliimwagilia alfajiri, Lobokat wa getini akaimwagilia saa nne akisuuza vikombe, nami nikaimwagilia saa saba. Hata waliokuja kulalamika kwamba hawana maji waliimalizia chupa zao. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake anayeihurumia. Katika mji huu ukiona kitu kibichi unakipa maji, na sisi kutoa maji ndiyo kazi yetu.

Septemba pampu ya Merti iliharibika. Mzee akaenda wiki tatu na kuniachia yasmini. Wiki hiyo hiyo bomba letu likapasuka na tangi likakauka. Ndiyo, ofisi ya maji. Tumeshachekwa vya kutosha. Majani yalipukutika yote, vikabaki vijiti. Niliogopa Mzee asije akaikuta imekufa mikononi mwangu, nikachukua panga la Lobokat nikaikata hadi magotini, ionekane imeliwa. Aliporudi nilimwambia ni mbuzi wa Istar, jirani yetu. Aliviangalia visiki kwa muda mrefu, akasema mbuzi wa siku hizi wana meno makali, akaenda kunywa chai. Istar amewafunga mbuzi wake tangu siku hiyo.

Maji yalirudi, lakini hakuna aliyekumbuka kumwagilia visiki. Novemba mvua ikanyesha, machipukizi yakatoka. Asubuhi moja mwezi huu nilipofika getini nilidhani kuna mgeni aliyejipaka manukato. Nikarudi nje kuhakikisha sijakosea ofisi. Ukuta ulikuwa mweupe.

Kwa kweli nimechanganyikiwa. Tuliipenda miaka sita, ikatunyima. Tuliiacha na kiu, nikaikata kwa woga, ikachanua. Afisa mmoja wa kilimo ameniambia kwamba maji na samadi nyingi huleta majani, na kwamba ikipumzishwa kiangazi na kupunguzwa matawi, mvua ikija huchanua. Maneno yake nimeyaelewa. Ila sijui katika wasifu kama huu unamshukuru nani.

Nilikusudia kunyamaza. Lakini Jumatatu Mzee alikabidhi vifaa, na orodha ameiandika kwa mkono wake: spana, minyororo, funguo, na jina la kila anayepokea. Mstari wa mwisho una jina langu, nao unasema hivi: "Panga, Gatwiri. Yasmini ikimaliza maua, kata tena pale pale. Samadi kidogo. Lobokat afichwe ndoo. Istar aambiwe afungue mbuzi."

Basi, dada Istar, mbuzi wako hawana hatia. Nilikata mimi, na ninaomba radhi mbele ya wote. Mzee, sijui ulijua tangu lini, wala kwa nini ulininyamazia miezi mitatu huku mimi nikikukwepa koridoni. Nitakukumbuka kwa hilo kuliko visima vyote.

Asante kwa maji ya miaka thelathini na minne. Leo hakuna aliyechuma hata ua moja. Tumekuachia yote, na Bi. Lul anajua uko njiani. Nenda ukapumzike kwa furaha na afya njema, Mzee wetu. Idd ijayo, Merti wakipiga simu, tutapokea sisi.

Gatwiri, karani