Jina Lililotumwa Mshtarii

Benchi lao zamani lilikuwa mlango. Fundi funguo aliupata ofisi moja ya jirani ilipobomolewa, akaulaza juu ya matofali mbele ya kibanda chake, na tundu la kitasa akaliacha vilevile kwa sababu kikombe cha kahawa kinakaa humo barabara, hakitikisiki. Kila asubuhi wanaketi watu watatu. Yuko Wembe, kinyozi wa mlango wa pili, ambaye hufungua duka saa mbili lakini mdomo ameshaufungua tangu saa moja. Yuko Mstaafu, aliyekuwa karani kwa miaka thelathini na mbili, ambaye havui koti hata jua liwe la namna gani. Na yuko mwenye kibanda, wanayemwita Sayari, kwa kuwa hakuna habari ya anga inayompita: kimondo kikipita yeye anajua, roketi ikiahirishwa yeye ananuna. Mama Birika, muuza kahawa, hana nafasi kwenye benchi. Ana kigoda chake, ana jiko lake, na ana tabia ya kusikiliza watu bila kuwatazama.

Asubuhi hiyo Sayari alikuwa hajanyoa, na salamu yake ilikuwa ya kulazimisha.

— Siku ya kumi na tisa leo, alisema. Kimya.

— Hata mlio? aliuliza Wembe.

— Hata mlio.

Chombo kilichokuwa kimenyamaza kilirushwa miaka miwili nyuma, kikielekea kwenye mwezi mmojawapo wa Mshtarii, ile sayari kubwa kuliko zote. Ni mwezi wa barafu, na chini ya barafu inasemekana kuna bahari. Kabla ya safari, wenye chombo walitangaza kwamba mtu yeyote duniani anaweza kutuma jina, jina moja kwa kila namba ya simu, nayo yataandikwa kwa herufi zisizoonekana kwa macho kwenye kibati kimoja na kupelekwa huko. Sayari alituma. Akaletewa cheti cha abiria kwenye simu, akakichapisha, akakitia plastiki, akakitundika ndani ya kibanda juu ya funguo zote, mahali ambapo mtu anakiona lakini hawezi kukisoma. Tangu siku hiyo kijiwe kizima kilijihesabu kuwa kina mtu safarini.

— Mimi nawaambieni, kimezuiwa forodhani, alisema Wembe.

— Forodha gani tena huko juu?

— We unadhani utaingia kwenye mwezi wa watu na kibati cha majina milioni mbili, usiulizwe? Wamekiweka pembeni. Wanakagua.

Mstaafu alimtazama kwa huruma.

— Wembe, tatizo lako hujafanya kazi ofisini. Mfanyakazi akinyamaza siku kumi na tisa hajazuiwa na mtu. Kapata kazi kwingine.

— Chombo kipate kazi?

— Kimeona mazingira mazuri, baridi ya kutosha, bosi yuko mbali. Kiripoti ili iweje? Sisi tulikuwa na dereva wa hivyohivyo. Tukamtuma na gari la ofisi mwezi wa pili, tukaja kumwona mwezi wa nane. Kaoa.

— Lakini hakijafika, jamani, alisema Sayari. Kimebakiza miaka mitatu. Kiko njiani. Na pale kilipo, ishara inachukua dakika thelathini na tano kutufikia, na jibu letu thelathini na tano nyingine. Mtu akikuuliza hujambo, anakaa saa nzima na dakika kumi ndipo asikie sijambo.

— Mke wangu huchukua siku mbili, alisema Wembe, na tunalala chumba kimoja.

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Sayari hakucheka. Kwa siku kumi na tisa alikuwa akiamka na kushika simu kabla ya kushika maji, na kila akikosa habari anatafuta upya, halafu anajionea haya, mtu mzima kuumwa kwa ajili ya mashine. Hakuwa ameeleza mtu kwa nini.

Muuguzi mmoja, bado amevaa viatu vyeupe vya kazini, alifika na ufunguo wa kunakiliwa. Sayari aliupokea, akatafuta mwenzake usio na meno wa kuchonga, akawasha mashine. Muuguzi aliketi ncha ya benchi, akaagiza kahawa. Wembe, alipoona amepata msikilizaji mpya, akaongeza mwendo.

— Dada, tuna msiba hapa. Chombo kimepotea na jina la mwenzetu. Na mimi sasa nimeshaelewa. Wenyeji wamekidaka njiani. Wamekaa kwenye duara, wanasoma majina moja baada ya jingine. Jina likiitwa mara tatu mwenyewe asiitike, si ni mtoro huyo?

— Ni mtoro, alisema Mstaafu.

— Na mtoro si anafuatwa?

— Anafuatwa nyumbani. Tena kisheria jina likishatangulia mahali, mwenyewe anahesabika mkazi. Watamdai ahudhurie mikutano.

— Sayari! Wakija usiseme unatujua.

— Labda hakina la kusema, alisema Mama Birika akichochea makaa.

Wembe aligeuka, amekasirika kwelikweli.

— Hakina la kusema vipi, Mama? Umebeba jina la mwenzio, unajua anakungoja, hata neno moja la niko hai unashindwa? Huo si ubovu. Huo ni utovu wa adabu!

Sayari aliinamia mashine kuliko kazi ilivyohitaji.

Ndipo Mstaafu akachomoa kalamu kwenye koti. Kimya cha namna hii, alisema, dawa yake ni barua. Akageuza karatasi iliyofungiwa sabuni, akaanza kuandika huku akijisomea kwa sauti ya ofisini:

— "Yah: Kutojulikana Alipo Abiria. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi niliyetajwa kwenye cheti namba..." Namba ngapi, Sayari?

— Achana nayo hiyo, Mstaafu.

— Bila namba barua haisomwi.

— Nimesema acheni!

Lakini mikono ya Sayari ilikuwa kwenye mashine, na Wembe alikuwa keshapanda juu ya kreti. Alikitoa cheti kwenye msumari, akakifuta vumbi kwa kiwiko, akakodoa macho asome. Akalisoma jina mara mbili, ya pili kwa kidole.

— Sayari, alisema, hili si jina lako.

Mashine ilizimwa.

— La mdogo wangu.

— Una mdogo? aliuliza Mstaafu.

Miaka minne walikuwa wakinywa kahawa pamoja, walijua hata jino lipi linamsumbua mwenzao, lakini hilo hawakulijua.

— Ninaye. Fundi rangi.

Akawaeleza akiwa amesimama, macho kwenye ufunguo. Miaka sita iliyopita mama yao aliugua. Mdogo mtu alikuwa mji mwingine, anapaka rangi hoteli, kazi ya kwanza kubwa kuipata maishani. Sayari akasema moyoni asimtishe, mama atapata nafuu, acha amalize wiki. Mama hakumaliza wiki. Mdogo mtu alifika na ndoo zake za rangi, akakuta wameshazika.

— Alisimama mlangoni, akasema, "Ulikuwa na simu, kaka." Basi. Hatujasemezana tena.

Akaupuliza ufunguo vumbi la chuma.

— Sasa waliposema jina moja tu kwa kila mtu, nikaandika lake. Kamili, lake, la baba na la babu. Nilitaka liende mbali, mahali pa heshima. Hiyo ndiyo ilikuwa samahani yangu. Na sasa imepotea.

Machozi yalimlengalenga, naye hakuyaficha. Wembe alikishika kile cheti kwa mikono miwili, hajui akirudishe msumarini au amkabidhi.

— Na yeye anajua? aliuliza muuguzi.

— Nani?

— Mdogo wako. Kwamba jina lake liko huko. Umemwambia?

Watu waliokuwa na jibu la forodha za mbinguni walitazamana. Mstaafu aliisoma barua yake tangu mwanzo, kana kwamba jibu aliliandika humo bila kukusudia. Sayari alimtazama yule dada wa viatu vyeupe, na ile sentensi ya mlangoni ikamrudia upya, kwa sauti ileile. Simu ilikuwa mfukoni mwake. Hata siku ile ilikuwa mfukoni mwake.

Mama Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha Mstaafu. Yakatoka makapi matupu.

— Kahawa imekwisha, alisema akianza kusuza vikombe. Nitapika nyingine ya jioni. Saa kumi huwa napita kwenye jengo lile jipya, kwa mafundi rangi. Yuko mmoja pale, kila siku ananiuliza kama fundi funguo hajambo. Namwambia hajambo. Anakunywa, anarudi kazini.

Sayari aliiacha mashine, akamgeukia.

— Tangu lini?

— Mwaka wa pili huu.

— Mwaka wa pili! Mama, mbona hujaniambia?

— Hujaniuliza.

Sayari aliuchukua ufunguo mpya, akaulinganisha na wa zamani dhidi ya mwanga, akapiga tupa mara mbili, akampa muuguzi. Alisahau kumwambia kwaheri. Akakitwaa cheti mikononi mwa Wembe, akashusha mlango wa kibanda, akafunga kufuli, saa mbili kasorobo asubuhi, wakati wateja ndio kwanza wanaamka.

— Si amesema saa kumi? aliuliza Mstaafu.

— Jengo lipi? aliuliza Sayari.

Mama Birika alionyesha kwa kifuniko cha birika. Lilikuwa palepale mbele yao, nyuma ya paa la duka la mbao, ghorofa ya juu imeshakuwa nyeupe na watu wawili watatu wanatembea juu ya jukwaa. Kila asubuhi walilitazama walipokuwa wakibishana Mshtarii iko upande gani.

Wembe, asiyekosa neno, alitaka kusema ni dakika ngapi kwa mguu. Hakuwahi. Sayari alikuwa keshavuka barabara, cheti kwapani, aproni bado kiunoni.