Mama Sumu na Samaki wa Juu ya Ukuta

Leo, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mtaalamu wetu wa baiolojia ya samaki anakabidhi funguo za ofisi namba nne, buti zake ndefu za mpira na ile mashine ya mgongoni ya kuzubaisha samaki kwa umeme ili wahesabiwe, ambayo hakuna mwingine aliyewahi kuibeba kwa hiari. Uongozi umeniomba nimwandikie wasifu mfupi na mchangamfu wa kuwekwa kwenye ratiba hii ya sherehe. Ufupi nitajitahidi. Kuhusu uchangamfu, msomaji anivumilie.

Mimi ni msimamizi wa mabwawa ya vifaranga wa trauti, samaki wa kigeni wa maji baridi. Kwa maneno mengine, kazi yangu imekuwa kuzalisha samaki ambao yeye amekuwa akiwazuia wasipite. Milango ya ofisi zetu inatazamana. Yeye ananiita mfugaji wa majambazi, mimi namwita dada, kwa sababu nilikuja hapa sijui hata kushika wavu na ni yeye aliyenilea kazini.

Alipoajiriwa, trauti walikuwa wamekijaza kijito chetu chote. Waliletwa zamani kwa ajili ya wavuvi wa burudani, wale wanaolipia kibali ili wapate raha ya kuvutana na samaki mkubwa, na aliyewaleta hakujiuliza wangemkuta nani humo majini. Dada alijiuliza. Alipanda kijito mpaka kwenye chemchemi yake, akakuta chini ya mawe kundi dogo la samaki wa asili, wale ambao sote sasa tunawaita vidole, maana hata aliyeshiba vizuri hazidi kidole cha shahada. Wengine wote walikuwa wameshaliwa. Tumewatafuta kwenye vijito vingine vyote vya eneo letu na hawapo.

Msije mkadhani aliwachukia trauti. Kazi yake ilikuwa kuwasimamia wote: alipanga msimu wa kuvua, urefu wa samaki anayepaswa kurudishwa majini, na kiasi cha vifaranga ninachoruhusiwa kumwaga. Hata kuvua alijua. Siku moja kwenye mashindano ya klabu ya wavuvi alishika ndoana kwa kubembelezwa, akatoa trauti mkubwa kuliko wote, na viongozi wa klabu wakakaa kikao kutafuta kanuni ya kumnyima kikombe. Hawakuipata. Walimkabidhi kikombe huku nyuso zimewavimba.

Alichotaka yeye ni mpaka. Akapigania fedha, akajenga ukuta wa zege unaokikatiza kijito, wenye mdomo uliochomoza mbele ili trauti akiruka ajigonge na kurudi alikotoka. Chini ya ukuta ni kwa wavuvi, juu yake, kuelekea chemchemi, ni kwa vidole. Saruji tuliibeba mabegani kwa sababu gari halikufika, na aliyetangulia na mfuko wake alikuwa ni yeye.

Kisha ikaja kazi iliyompa jina. Trauti waliokuwa tayari juu ya ukuta ilibidi waondolewe kwa dawa, na dawa ile haichagui, inaua kila samaki inayemkuta. Kwa hiyo kwanza tuliwakamata vidole wote tuliowaweza. Matangi ya karakana yakajaa, na waliobaki akawapeleka nyumbani kwake, kwenye bafu la kuogea. Shemeji, mume wake, ni mwalimu wa hesabu na mtu wa heshima zake. Kiangazi chote alikuwa akija kuoga kwangu asubuhi, taulo begani, bila kulalamika, ila kila siku aliniuliza samaki wanaendeleaje kwa sauti ya mtu anayemuulizia mgeni asiyeaga.

Klabu ya wavuvi ikamwita Mama Sumu. Jina likaandikwa kwenye mabango, likaimbwa mbele ya geti letu. Yeye mwenyewe alilizoea, mpaka akawa anapokea simu kwa jina hilo na kuwaacha wapigaji midomo wazi. Lakini binti yake alilikuta shuleni, akarudi nyumbani analia, na hilo dada hajalisahau. Nimemuona akitukanwa na watu wazima bila kupepesa macho. Siku ile ya binti nilimuona amekaa ndani ya gari la ofisi, mikono kwenye usukani, hataki kwenda popote.

Vidole walirudishwa, wakazaana. Leo ukisimama juu ya ukuta na kutulia, utaona kama sakafu ya kijito inasogea, na ni wao.

Wakongwe wa kazi watakumbuka pia siku mkuu wetu wa kwanza alipoinama kumuokota samaki wakati ile mashine ya mgongoni bado inapeleka umeme majini. Aliketi kijitoni na tai yake shingoni. Dada alizima mashine, akampa mkono, akaendelea na kuhesabu samaki. Sisi wengine tulilazimika kwenda kucheka nyuma ya gari.

Sasa niseme lililopo. Uongozi mpya unajenga kambi ya wageni juu ya ukuta, na mgeni hawezi kulipa nauli aje kuvua samaki wa kidole. Imeamuliwa trauti wapelekwe huko. Dada alipinga kwenye kila kikao mpaka wakaacha kumwita. Aliwaeleza kwamba vidole hawatamaliza misimu miwili ya mvua, akajibiwa kwamba watazoeana. Mtu wa kumrithi hataajiriwa. Ofisi namba nne itakuwa stoo ya viti vya kambi.

Halafu, baada ya kumfungia mlango, wamemvika kilemba cha ukoka: sehemu ile ya juu ya kijito itapewa jina lake. Mkigeuza ukurasa mtaona kwamba baada ya chakula cha mchana, mgeni rasmi na mstaafu watamwaga kwa pamoja ndoo ya kwanza ya vifaranga juu ya ukuta. Hakuulizwa. Mimi ndiye niliyempelekea habari hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema wangempa saa ya ukutani tu, angeshukuru.

Nilimwambia nitakataa. Vifaranga wale nimewalea mimi, na watafute mtu mwingine wa kuwabeba. Kusema kweli nilitegemea anipongeze. Alikuwa anavua buti zake zilizojaa tope, akavua ya kwanza, akavua ya pili, ndipo akanitazama.

"Wamwage wewe, mdogo wangu. Akipewa mwingine atawatupa hivyo hivyo na maji ya ndoo yaliyopata joto, wafe bure. Samaki hawana kosa."

Huyo ndiye mtu mnayemuaga leo. Wamemchukulia kazi ya maisha yake, na yeye anawahurumia vifaranga waliotumwa kuimaliza. Mimi sina moyo wa namna hiyo. Nina hasira, na nimeona niiandike hapa kwa sababu kwenye jukwaa hawatanipa maikrofoni.

Kwa hiyo mchana huu nitafanya kama alivyonifundisha. Nitaituliza ndoo kijitoni mpaka ubaridi ulingane, nitaongeza maji ya kijito kidogo kidogo, kisha nitawaachia. Watatoka wazima, wana nguvu na njaa. Kazi itakuwa imefanyika vizuri, na sijawahi kuichukia kazi yangu kama leo. Mstaafu hatakuwepo. Ataondoka mara baada ya hotuba, na ameniomba nimwombee radhi kwa mgeni rasmi. Hilo sitalifanya.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, nawashukuru shemeji na binti yao kwa kutuazima mke na mama katika siku nyingi zilizokuwa zao. Na wewe dada, tunakushukuru kwa saruji, kwa ukali wako, na kwa kutufundisha kutazama majini kabla ya kukanyaga. Tunakuombea afya njema na uzee mtamu, na asubuhi usizolazimika kuamka kwa ajili ya mtu wala samaki.

Mstaafu kwa kawaida huambiwa asitusahau, apite kutusalimia. Ofisini karibu wakati wowote, chai ipo. Ila nakuomba, kama mdogo wako, juu ya ukuta usipande tena. Na mtu akija kukuuliza habari za vidole, mwambie ulipowaacha walikuwa wengi.