Pudentienne Gahongayire, Aliyerudisha Kila Bipu

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, saa kumi na moja jioni, Bi Pudentienne Gahongayire atavua hedifoni zake, atazizungushia waya kama afanyavyo kila siku, na kutoka katika chumba cha simu cha kampuni yetu ya Hejuru Lifti, Gikondo, Kigali, baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi. Hapa ofisini tunamwita Mama Ingrid, kwa jina la bintiye. Walinzi wa majengo ya mji huu wanamwita Mama wa Hejuru. Fundi wetu Twahiru anamwita Shangazi, ingawa hawana undugu wowote, naye anamwita Twahiru "fundi wa brosheti", kwa sababu itakayoelezwa hapa chini.

Aliajiriwa Jumatatu tarehe 4 Novemba 1996. Alikuwa amekulia Bukoba, Tanzania, na alikuja Kigali na Kiswahili kilichonyooka, Kifaransa cha kuombea maji ya kunywa, na Ingrid mgongoni. Lifti za Kigali wakati huo zilihesabika kwa vidole, na kampuni iliishi zaidi kwa kutengeneza jenereta. Alipoulizwa kama anaijua swichibodi, alijibu kwamba anaijua. Hakuijua. Siku zake mbili za kwanza aliunganisha waya ovyo, hata muuzaji wa vipuri wa Nairobi akajikuta anazungumza kwa dakika nzima na mama wa Gikondo aliyetaka kujua kama gauni lake limeshonwa. Wote wawili walipiga tena kesho yake, na wote wawili walimwomba yeye.

Majengo yalipoanza kurefuka, kazi yake ikabadilika. Anayepiga simu Hejuru mara nyingi ni mtu aliyekwama, au mlinzi anayesikia mtu aliyekwama akigonga mlango. Wengine wangeanza kwa kuuliza jengo gani, ghorofa ya ngapi. Mama Ingrid alianza na swali moja ambalo hajalibadilisha hadi leo: uko na nani? Alieleza kwamba mtu aliye na mwenzake ana wa kumtuliza, lakini aliye peke yake asiachwe na ukimya. Kwa hiyo aliye peke yake hakumkatia simu. Aliongea naye habari za watoto, za bei ya mkaa, za mpira wa uwanja wa Amahoro, mpaka fundi afike. Mchungaji mmoja alipoulizwa yuko na nani alijibu kwamba yuko na Mungu. Mama Ingrid alimshukuru, kisha akauliza kama kuna mwingine, kwa kuwa fundi anahitaji kujua uzito.

Jambo la pili ambalo mji mzima ulimjulia ni bipu. Mlinzi asiye na salio hupiga, huacha simu iite mara moja, kisha hukata. Maana yake kila mtu anaijua: nipigie wewe. Kampuni nyingi hazishughuliki na bipu. Mama Ingrid alirudisha kila moja, hata akigundua kwamba ni mtoto amechezea simu ya baba yake. Jumamosi za mwisho wa mwezi, watu wanapokuwa kwenye umuganda, yaani kazi ya pamoja ya mtaa, na ofisi imefungwa asubuhi yote, alikuwa na simu ya kiganjani ya kampuni katika mfuko wa sketi, na alionekana akirudisha bipu huku ameegemea jembe.

Juni 2022 tulianza kutumia programu ya ujumbe tuliyonayo hadi sasa. Unamwandikia mwenzako, unaona kwa nukta ya kijani kama yupo, na unaweza kumpigia simu ya sauti humo humo; wateja nao hutupigia humo kwa intaneti. Baadhi yetu tulidhani Mama Ingrid ataikataa. Kumbe ndiye aliyeiomba. Lifti ni sanduku la chuma, na mtandao wa simu hudhoofika mlango ukishafungwa, lakini intaneti ya jengo mara nyingi hupenya. Alikuwa amechoka kupokea ujumbe wa maandishi wa watu waliokwama ambao hawezi kuwasikia pumzi.

Wiki ya kwanza alitaka kuandika salamu kwenye kundi la wafanyakazi wote, akabonyeza alama ya simu. Simu zetu zote zikaita kwa pamoja, karakana, stoo na barabarani, na karibu wote tukapokea tukidhani kuna ajali. Meneja wetu Norman alipokea akiwa katikati ya kikao na wateja. Mama Ingrid hakuona haya. Alimsalimia kila mtu kwa jina, akauliza nani amekaa na tochi ya stoo tangu Jumanne, kisha akatutakia kazi njema. Katikati ya salamu hizo sote tulimsikia Twahiru, aliyekuwa ameandika kwamba yuko juu ya lifti ya ghala moja huko Masoro, akiagiza brosheti, yaani mishikaki, za mbuzi na ndizi za kuchoma, pilipili pembeni.

Namba yetu ya zamani ikahamishiwa ndani ya programu. Mama Ingrid akajifunza pia kuelekeza simu, jambo ambalo mafundi wanaliita kurusha: simu isipopokelewa kwenye kompyuta ya ofisi, inaruka yenyewe kwenda kwenye simu ya mkononi ya fundi wa zamu. Alipanga mwenyewe kwamba iite mara nne ofisini kwanza, ili fundi asisumbuliwe bure. Alijaribu mara nyingi na kila mara iliruka vizuri. Ile simu ya kiganjani ya kampuni akaiweka kwenye droo.

Jumamosi tarehe 24 Septemba 2022 ilikuwa siku ya umuganda. Katika jengo moja la Remera, mfanyakazi wa usafi aitwaye Uwimana alikwama na ndoo yake kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Simu yake alikuwa ameiacha stoo ya mafagio. Alibonyeza kengele, ikalia mezani kwa mlinzi Bizimana, ambaye hakuwa na salio. Bizimana akafanya kile ambacho walinzi wa mji huu wamekifanya miaka yote. Alibipu Hejuru, akaweka simu mezani, akasubiri kupigiwa.

Hakupigiwa. Bipu huita mara moja, na programu ilikuwa inangoja milio minne kabla ya kurusha. Iliita katika chumba kitupu hapa Gikondo, ikakatika. Bizimana alibipu tena na tena. Simu ya Twahiru, fundi wa zamu, ilikuwa mfukoni, ina chaji, wala haikulia. Maduka yote yalikuwa yamefungwa na watu wako kwenye umuganda, kwa hiyo hakukuwa na pa kununua salio wala wa kumwazima simu. Zilipita zaidi ya saa mbili kabla mpita njia mmoja hajampa simu yake. Hapo alipiga kweli, simu ikaruka, na Twahiru akafika kwa pikipiki na matope ya umuganda kwenye magoti. Uwimana alitoka mzima, akaomba kwanza maji na kisha choo.

Jumatatu Mama Ingrid aliona kwenye kompyuta namba ile ile imebipu safu nzima, akaelewa bila kuambiwa. Hakumtuma mtu. Alimwomba Twahiru ampeleke Remera kwa gari la kampuni, akanunua fanta, na akawaomba radhi Uwimana na Bizimana pale pale kwenye meza ya mlinzi. Bizimana aliona haya, akawa anajitetea kuhusu salio. Uwimana alikunywa fanta yake taratibu, kisha akasema neno ambalo Mama Ingrid amelirudia mara nyingi katika chumba cha simu.

"Mama, lifti mimi sikuiogopa. Niliogopa kusikia Bizimana anasema amebipu na hakuna mtu anarudisha. Tukasema basi, Mama wa Hejuru amekufa."

Njiani kurudi Twahiru alijaribu kumfariji. Alisema kosa si lake, mwenye shida apige, asibipu, na mlinzi asiye na salio ni kama fundi asiye na bisibisi. Gari lilipopita makanisa ya Gikondo, Mama Ingrid alimwambia kwamba wale wa Remera wameshamzika, na kwamba yeye hana nia ya kukaa kaburini.

Kesho yake alifuta ile milio minne. Simu za baada ya saa za kazi na za siku za mapumziko zikawa zinaruka papo hapo, ili hata bipu moja ifike kwenye simu ya mkononi na namba ya aliyebipu ionekane. Norman aliuliza kwa haki kabisa ni fundi gani atakayekubali kuamshwa na kila bipu ya mji. Mama Ingrid akatoa namba yake mwenyewe. Norman akauliza mpaka lini. Akajibiwa kwamba mpaka apatikane mtu anayerudisha bipu bila kuambiwa.

Tangu hapo namba ya Hejuru na namba ya Mama Ingrid zilikuwa kitu kimoja. Alirudisha bipu akiwa kanisani, akiwa saluni na kichwa kimejaa povu, akiwa kwenye foleni ya benki. Katika posa ya mpwa wake, wasemaji wa familia mbili walipokuwa wamefika kwenye mabishano ya ng'ombe, aliinuka na kutoka nje ya hema na simu sikioni. Msemaji wa upande wa bwana harusi akasimama kuuliza kama shangazi wa bibi harusi amemkataa ng'ombe. Shangazi alikuwa anaongea na mtu wa ghorofa ya tano.

Ingrid, ambaye sasa ni muuguzi, alitaka mama yake apumzike alipofika miaka sitini, kama sheria inavyoruhusu. Kila mwaka alipewa jibu lile lile, kwamba mtu bado hajapatikana. Lakini Novemba hii Mama Ingrid ametimiza miaka sitini na mitano, na hapo sheria haibembelezwi. Kuanzia Agosti utani wake ulipungua. Aliyekaa naye chakula cha mchana alijua anachowaza: tarehe ishirini na nane namba yake itatolewa kwenye programu, na kuna Uwimana mwingine mahali fulani atakayesubiri kurudishiwa.

Norman akapendekeza simu iite kwa pamoja kwenye simu ya Mama Ingrid na ya Twahiru, ili Twahiru azoee. Wazo lilikuwa zuri isipokuwa kwamba Mama Ingrid alikuwa na kasi mno. Twahiru alilalamika kwamba kila akishika simu, Shangazi ameshamaliza salamu. Naye Shangazi alisema fundi wa brosheti ana mikono miwili, na yote miwili imeshika mishikaki. Hakuna aliyejua kama siku akiwa peke yake atarudisha bipu au atasema tena kwamba mwenye shida apige.

Jumamosi tarehe 25 Oktoba, asubuhi ya umuganda, Mama Ingrid alitoa namba yake kwenye programu bila kumwambia mtu. Alilima mtaro na majirani zake wa Remera mpaka mwisho, akanawa mikono, akaenda kwenye lile jengo na kumwomba Bizimana simu. Safari hii ilikuwa na salio. Alibipu mara moja tu, akaiweka mezani. Bizimana anasimulia kwamba walisimama wakiitazama kama watu wanaongoja maji yachemke, na kwamba Mama Ingrid alikuwa amekishika kitambaa chake cha kichwa kwa mikono miwili.

Simu ikaita.

"Hejuru hapa," ilisema sauti ya Twahiru. "Uko na nani?"

Mama Ingrid alijibu kwamba yuko peke yake.

"Basi usikate. Tuko wawili sasa."

Kisha akaanza kumweleza habari za mpira. Mama Ingrid alimpa Bizimana simu, na Bizimana ndiye aliyeeleza kwamba lifti ni nzima na hakuna aliyekwama. Twahiru anadai aliitambua sauti tangu neno la kwanza. Mama Ingrid anasema ni uongo, kwa sababu angeitambua asingethubutu kumfundisha yeye mpira. Jumatatu iliyofuata alikuja kazini anaimba, akamwambia Norman kwamba namba yake haitarudishwa kwenye programu, na akampa Twahiru ile simu ya zamani ya kiganjani kutoka kwenye droo iwe ukumbusho. Twahiru ameiweka dirishani karakana. Haifanyi kazi, lakini haruhusu mtu aiguse.

Kwa sasa Mama Ingrid ana mipango ya kuku huko Bugesera, ya wajukuu wawili, na ya kusikiliza misa moja mpaka mwisho. Anaacha mafundi waliojifunza kwake kusalimia kabla ya kuuliza ghorofa, na walinzi wa mji wanaojua kwamba Hejuru wapo.

Mama Ingrid, asante kwa miaka yote uliyokaa na watu waliokuwa peke yao. Asante pia kwa kutuambia ulipokosea, maana hapo ndipo sisi tulipojifunza. Uende ukapumzike vizuri, kuku wako watage, na lifti zote utakazopanda zifike ghorofa unayoitaka. Na siku ukitukumbuka, usiharibu salio lako. Bipu mara moja tu. Tutarudisha.